Ndoo Isiyo na Maua

Mama yangu alimkasirikia mume wangu kwa sababu ya ndoo isiyo na maua. Nikisema hivyo wajukuu wangu hucheka, kwa kuwa ndoo zao ni za plastiki na hawajui ndoo iliwezaje kuwa na maua. Basi lazima nianze na maua yenyewe, maana bila hayo hakuna atakayeelewa kwa nini nilibeba maneno kati ya watu wawili niliowapenda mpaka nikawachoka wote wawili.

Tuliishi mtaa uitwao Kenya, katika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Mume wangu alifanya kazi katika karakana ndogo iliyotengeneza ndoo, beseni na mabati ya kuezekea. Kazi yake ilikuwa kuzamisha chuma katika zinki. Chuma kilioshwa kwanza kwa asidi, kikapitishwa kwenye chumvi nyeupe iliyotanda juu ya tangi ikifuka moshi, kisha kikazama ndani ya zinki iliyoyeyuka na kutoka kimevaa nguo mpya. Alirudi nyumbani akinuka moshi wa chumvi ile, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya mviringo pale zinki ilipomrukia. Mimi niliyajua makovu yale kuliko nilivyojua mistari ya viganja vyangu. Jioni nilimpaka mafuta ya mawese, naye akijifanya kulalamika kwamba namfanya samaki wa kukaanga.

Zinki ikipoa juu ya chuma huchora maua. Ni mapana, yenye ncha, yanabadilika rangi kidogo ukiigeuza ndoo kwenye jua. Mume wangu alinieleza kwamba maua hayo hayaji yenyewe. Zinki safi, ile iliyosafishwa kwa umeme iliyoanza kufika karakanani siku hizo, huacha maua madogo sana, karibu hayaonekani. Wakitaka yawe makubwa huongeza madini ya risasi kidogo katika tangi, na madini ya bati kidogo pia. Nao waliongeza kila mara, kwa kuwa wanawake wa Kenya tulinunua kwa macho. Kwenye foleni ya bomba la mtaa, mwenye ndoo ya maua makubwa aliiweka mbele yake iangalie wenzake, na mwenye ndoo ya zamani aliificha nyuma ya kitenge. Nilikuwa mmoja wao, sijitoi. Tuliamini kwamba ua kubwa ni zinki nyingi, na zinki nyingi ni ndoo ya kudumu.

Mume wangu alikuwa akitikisa kichwa. Alisema ua ni pambo tu, risasi haimlindi mtu. Na sisi tulihitaji kulindwa, kwa sababu ya bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba. Upepo ukigeukia upande wetu, moshi ulishuka mitaani, koo zikakwaruza, majani ya maharage yakaungua kingoni. Mvua ya kwanza ilipoanguka juu ya moshi ule, ilileta uchungu wake hadi kwenye paa na ndoo. Zinki iligeuka unga mweupe, maua yakafifia, halafu kutu nyekundu ikachungulia kwenye mshono wa chini. Ndoo iliyonunuliwa kwa majivuno ilianza kuvuja kabla mwenyewe hajaacha kuisifu.

Dawa aliiona kwa ajali. Mfanyakazi mwenzake aliangusha bakuli lake la chakula ndani ya tangi, bakuli la alumini, nalo likayeyuka humo kabla hawajalifikia. Siku hiyo kazi iliharibika. Alumini iligombana na ile chumvi nyeupe, moshi ukawa mzito, na kila chuma kipya kilichozamishwa kilitoka na mabaka meusi ambayo zinki haikuyashika. Lakini zilikuwapo ndoo ambazo tayari zilikuwa na zinki, zilirudishwa tangini ili zipakwe tena. Hizo zilitoka laini, bila baka, na bila ua hata moja. Mwenye karakana, mzungu mmoja mwenye masikio makubwa na roho nzuri, alizitupa zote uani, zile zenye mabaka na zile zisizo na maua, maana hakuna ambaye angezinunua. Zikalala pale chini ya moshi, mvua ikazinyeshea. Zenye mabaka zikawa nyekundu. Zile laini zikabaki kijivu, safi.

Mume wangu alimwonyesha mzungu wake. Mzungu wala hakushangaa. Alisema anajua, alumini huweka utando mwembamba usioliwa haraka na moshi, lakini haipatani na chumvi yao, na kuzamisha kila ndoo mara mbili katika matangi mawili ni kazi ambayo karakana yake haiwezi. Akamwambia kwamba akitaka kujaribu kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, Jumamosi baada ya kazi, moto upo. Ndivyo alivyokuwa mzungu yule.

Sasa niseme habari za mama yangu na kizingiti cha nyumba yetu.

Sisi tumetoka kaskazini ya Katanga, na kwetu mume wa binti hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Tunaita buko, na mkwe mwenyewe tunamwita muko. Si chuki, ni heshima, ingawa kwa nje zinafanana. Mama alikaa mitaa michache kutoka kwetu, mjane wa mfanyakazi wa reli aliyenilea kwa kuuza unga. Mume wangu akimwona kwa mbali aligeuza njia. Mara moja alikwama katika mahindi ya jirani, mvua inamnyeshea, mpaka mama amalize kuzungumza na mwenye shamba, na mama alipenda mazungumzo. Nilimcheka siku nzima. Buko huisha pale mkwe anapotoa zawadi iliyotokana na jasho lake, na mama mkwe akaipokea kwa kuitumia. Kisha yeye hupika bukari, ndio ugali wetu, na kuku, hupeleka kwa mkwe, na tangu siku hiyo wanaweza kusalimiana, naye anaweza kuingia katika nyumba ya bintiye. Kabla ya hapo, havuki kizingiti.

Utaratibu huo sikuuona mgumu mpaka mimba yangu ya kwanza ilipotoka. Nilikuwa nyumbani, asubuhi, na jirani alimwita mama. Alikuja mbio, akasimama nje ya dirisha. Alinipitishia maji ya moto na vitambaa kati ya nondo, akaniambia nilale hivi, nigeuke vile, na mikono yake haikufika. Mume wangu alirudi akakuta hali hiyo, na kwa ajili ya buko akabaki uani kwa jirani, amegeukia ukuta, mpaka mama alipoondoka. Baadaye aliniambia kwamba nikipata mimba nyingine, mama yangu atakuwa ndani. Nililia kwa kusikia hivyo, nikamwambia afanye haraka.

Hakufanya haraka. Alitaka kumpa mama ndoo, na alitaka iwe ndoo ambayo haitakwisha. Kwa wiki kadhaa alikusanya zinki safi iliyobaki kwenye miiko, akaiyeyusha katika chungu kidogo cha chuma pembeni ya tangi kubwa. Kwangu alichukua mfuniko wa sufuria yangu ya alumini iliyotoboka, akaukata vipande vyembamba, akavisukuma chini ya zinki kwa fimbo mpaka vikayeyuka. Ndoo aliizamisha kwanza katika tangi la kawaida, akaipangusa, kisha akaizamisha kwenye chungu chake, upande huu na upande ule, kwa kuwa chungu kilikuwa kidogo. Aliirudisha nyumbani imefungwa katika gunia. Akaifungua mbele yangu. Ilikuwa laini, ya kijivu, kama sahani ya bati iliyosuguliwa kwa majivu. Nikamuuliza maua yako wapi. Akatabasamu kwa fahari, akasema hakuna hata moja.

Nikaipeleka mimi, kwa kuwa maneno na vitu vyote kati yao vilipita kwangu. Mama alikuwa amenawa mikono na kuvaa kitenge kizuri, maana habari zilimfikia. Alilifungua gunia, akaigeuza ndoo mbele, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye jua. Majirani wawili walikuwa wakichungulia. Uso ukamkunjamana.

“Hii ndoo iko kipofu,” alisema. “Muko ananiletea kintu yenye bazungu banakatala?”

Nilieleza. Nilieleza vizuri, kwa subira ambayo si kawaida yangu, habari za risasi, za moshi, za alumini. Nilipofika kwenye mfuniko wa sufuria nikaona nimeharibu. Mama aliuliza kama ni kweli kwamba katika zawadi yake, zawadi ya kumfungulia mlango wa mwanawe, waliweka sufuria iliyotoboka. Nikasema ni kweli, lakini. Hakusubiri hiyo lakini.

Hakuirudisha, kwa kuwa kurudisha zawadi ya mkwe ni kuvunja ndoa ya binti yako, na mama alinipenda. Hakuitumia pia. Aliipindua juu ya kibanda cha kuku, uani, akaweka jiwe juu yake isipeperuke. Kisha akaenda sokoni, akanunua ndoo yenye maua makubwa kuliko zote, ili mtaa wote uelewe. Ilitoka karakana ileile. Mume wangu aliizamisha mwenyewe, na alipopita kwenye bomba aliitambua kwa mshono wake.

Nikamrudia mume wangu na maombi. Nilimwambia atengeneze nyingine, ya kawaida, aijaze risasi na bati mpaka maua yawe mapana kama majani ya maboga, mama aipokee, aingie ndani, halafu iote kutu ikitaka, nani atajali. Ilikuwa kazi ya Jumamosi moja. Alisugua kovu lililokuwa kwenye kidole gumba.

“Siwezi kupa mama yako kintu yenye minajua itakufa mbio,” alisema.

Nilimwita kichwa kigumu. Nilimwita na mengine, ambayo hayafai hapa. Nilimwambia kwamba anapenda zinki kuliko mimi. Yeye alinitengenezea chai tu, na chai yake ilikuwa mbaya siku zote, nami niliinywa nikiwa nimenuna. Nilikuwa na hasira na wote wawili, huyu kwa ujuzi wake na yule kwa macho yake. Lakini niseme kweli: nilipolala nilijua kwamba mtu anayekataa kumdanganya mama yangu hata kwa ndoo hatanidanganya mimi. Hilo lilinituliza, ingawa sikumwambia.

Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Nikapata mimba ya pili, nikatembea nayo kwa hofu, nikiweka mguu chini kama mtu anayevuka kijito. Mama alinifuata kila mahali isipokuwa ndani. Akija kwangu alikaa uani kwenye kigoda, mume wangu akatoka kwa mlango wa nyuma, na kati yao ilibaki nyumba yenye mimi ndani yake. Nilipokwenda kwake niliiona ndoo ile juu ya kibanda, imechafuliwa na kuku. Jike mmoja mweusi aliifanya kitanda chake, juu ya jiwe, na mama hakumfukuza. Hata mimi nilikuwa nimeacha kuitazama.

Mtoto alizaliwa hospitalini, msichana, mzima, mwenye sauti. Masista walimruhusu mama amshike kwenye baraza, kwa kuwa hospitali si nyumba ya mkwe. Alimbeba akamwimbia, akasema ana pua ya babu yake. Mume wangu alisubiri nyuma ya ukuta wa hospitali mpaka amalize. Kisha tukarudi Kenya, na mlango ukafungwa kati yetu na mama kama mwanzo.

Kumwogesha mtoto mchanga ni kazi ya bibi. Kuna namna ya kumshika kichwa, kumnyoosha mikono, kumkanda mgongo kwa maji ya vuguvugu, na sikuijua. Mama alisimama dirishani, pale pale aliposimama zamani, akanielekeza. Alileta maji mwenyewe kila asubuhi, kutoka kwenye bomba, akanipitishia kwa kopo kati ya nondo. Mikono yangu iliteleza, mtoto akalia, mama naye akalia upande wa pili akijifanya ana mafua. Mume wangu alisikia yote kutoka uani kwa jirani. Aliporudi alimchukua mtoto akamweka kifuani.

Asubuhi moja niliona njia ya maji kwenye vumbi, kutoka barabarani mpaka chini ya dirisha. Ndoo ya maua ilikuwa ikivuja. Mama alikuwa ameziba tundu kwa kitambaa na kipande cha sabuni, lakini njiani sabuni iliyeyuka, na maji yaliyobaki hayakutosha kumwosha mtoto miguu. Maua yalikuwa yameshaliwa yote. Mshono wa chini ulikuwa mwekundu mzunguko mzima. Mama aliona kwamba nimeona. Alichukua ndoo yake akaondoka bila kuaga, na mtoto tulimpangusa tu kwa kitambaa.

Yaliyofuata nyumbani kwake alinisimulia mwenyewe, miaka baadaye, akicheka. Alfajiri ya kesho yake alihitaji kitu cha kuchotea maji na hakuwa na kingine. Alimfukuza yule jike, akaondoa jiwe, akachukua ndoo kipofu kwa nia ya kuitumia asubuhi hiyo tu, kwa ajili ya mtoto. Aliisugua kwa mchanga na majivu, akingoja kutu itokee. Uchafu wa kuku ulitoka, na chini yake ikawa kijivu. Kwenye ukingo kulikuwa na unga mweupe kidogo, ukatoka kwa kidole. Pale jiwe liliposuguana nayo, pale kuku walipoparura kwa kucha, hapakuwa na wekundu. Aliikagua ndani, akaikagua kwenye mshono. Mvua zote zile, moshi wote ule, na yeye ndiye aliyeiweka chini yake. Alisema alikaa chini, hapo hapo kwenye kibanda, mpaka kuku wakamzoea.

Mimi niliona tu mama akija barabarani, na juu ya kichwa chake ile ndoo, imejaa, haidondoshi tone. Mume wangu alimwona pia. Alichukua kofia yake na kuanza kuelekea mlango wa nyuma kama kawaida. Nilisogea dirishani na kopo langu, lakini mama alipita dirisha. Alikuja mlangoni, akashusha ndoo, akaiweka upande wa ndani wa kizingiti. Kisha akaifuata. Alikuwa amegeuza utaratibu: kuku alipaswa kutangulia, na kuku alikuja Jumapili, yule jike mweusi mwenyewe, na bukari ya moto.

Mama alikaa chini bila kumtazama mtu. Alimimina maji katika beseni, akayajaribu kwa kiwiko, akamchukua mtoto mikononi mwangu. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mgongo kwetu, mkono juu ya kitasa, hajui atoke au afanye nini. Mtoto alianza kulia.

“Muko, usitoke,” mama alisema. “Kuya ushike mutoto kichwa, mikono yangu iko na sabuni.”

Sikuwahi kusikia mama akimwambia neno moja kabla ya hapo. Mume wangu aliweka kofia juu ya meza, ikaanguka, hakuiokota. Alikuja akapiga magoti upande wa pili wa beseni, ameinamisha macho, akaweka mikono yake chini ya kichwa cha mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kuiona mikono ile kwa karibu. Aliacha kusugua. Aliyatazama makovu, moja baada ya lingine, mpaka lile la kidole gumba, kisha akachota maji kwa kiganja akayamwaga polepole juu ya mtoto na juu ya mikono ya mume wangu pamoja. Akamuuliza kama zinki inauma sana inaporuka. Mume wangu alisema inauma kidogo. Mama akamwambia ainue kichwa cha mtoto, maji yasimwingie masikioni.